Kamera ya Kisimani

Mikumi, Jumapili, 2 Machi 2025

Magreti,

Daftari hili nimelikuta kwenye sanduku lako la vyombo. Kurasa tatu za mwanzo umeandika vipimo vya vitumbua na majina ya wanakwaya. Sikuzichana, nimeanza ukurasa wa nne.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha jana jioni. Nyumba haivuji. Nilipita chumba kwa chumba nikiangalia dari kama mkaguzi wa shule, nikawa nasema peke yangu, hapa pazuri, hapa pazuri. Ungekuwepo ungenicheka. Ni miezi kumi tangu uondoke, na mwezi wa pili tangu nihamie huku nikaiacha ile nyumba ya Kilosa ambayo mto Mkondoa uliingia mara mbili mpaka kwenye magodoro. Kiwanja ulikinunua wewe kwa wali na maharage uliyouza Dumila, nyumba ameijenga mwanao, na milango nimeitengeneza mimi, yote saba, ya mninga.

Nikolaus alipiga simu kutoka Dar baada ya misa.

"Baba, Jumatano anakuja fundi wa kamera. Usimzuie."

"Kamera za nini?"

"Za ulinzi. Hapo ni karibu na barabara kuu, kila mtu anapita. Una sola, una tanki, una runinga."

"Nina miaka sitini na saba pia. Nayo wataiiba?"

Hakucheka. Siku hizi mwanao hacheki.

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Fundi anaitwa Mudathir, amekuja kutoka Morogoro kwa basi la asubuhi. Kijana wa miaka thelathini hivi, ana adabu, aliniamkia kabla hajatua begi. Nikataka kumpa chai, akasema amefunga. Nikamwambia hata mimi nimefunga, tazama majivu haya. Tukacheka wote wawili. Nilimpenda, ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Akatandaza mezani ramani aliyotumiwa na Nikolaus, nyumba yetu imechorwa kwa juu na vidoti vyekundu vinane. Akasoma: geti, kona ya barabarani, kona ya nyuma, baraza, sebule, jiko, tanki, kisima.

"Sebuleni kuna mwizi gani?" nikamuuliza. "Sebuleni nakaa mimi."

"Mzee wangu, mimi nafuata ramani ya bosi."

"Bosi yupi?"

"Mwanao."

Magreti, huyo bosi nilimfundisha kufunga vifungo vya shati. Mpaka darasa la pili alikuwa anaanzia cha chini ili asikosee.

Halafu Mudathir akatoboa fremu ya mlango wa mbele. Hakuuliza. Ile mbao niliikausha miezi minane chini ya kitanda, unakumbuka ulivyokuwa unajikwaa vidole. Tundu la kuingia kidole gumba. Nikamwambia waya ungeweza kupita darini, nusu mita tu zaidi. Akasema, "Samahani mzee, hapa ndiyo karibu." Nilitoka nje nikakaa juu ya tofali.

Ila kidoti kilichonikosesha raha kuliko vyote ni cha nane, cha kisimani. Nikolaus hajui habari za kisima kile, alikuwa chuo. Hajui kwamba mwaka ule kilipochimbwa hapa palikuwa majani matupu, na wanaume wa mtaa huu walichimba siku tisa, wewe ukiwapikia. Hakuna aliyelipwa. Siku maji yalipotoka ulipanda juu ya kifusi na viatu vyako vya kanisani, ukasema mbele ya watu wote: maji haya ni yenu, asubuhi na jioni, mwingie bila hodi. Bi Ziada wa nyumba ya nyuma ndiye aliyeleta kamba ya kwanza. Hayo ndiyo makubaliano yenyewe. Hayakuandikwa popote, na kwenye ramani ya mwanao hayamo.

8 Machi

Mvua kutwa. Kamera sita zimefungwa.

10 Machi

Nikolaus amepiga simu alfajiri, sauti juu: "Baba, usitoke! Kuna watu watatu juu ya ukuta wa nyuma!"

Nilichungulia dirishani. Nyani. Mmoja alikuwa amekaa anajikuna, anaangalia kamera moja kwa moja.

13 Machi

Mudathir amemaliza. Ya kisimani ina kipaza sauti. Akanionyesha: mtu anaongea kwenye simu yake huko Dar, sauti inatokea hapa ukutani. "Akiona mwizi anamfokea tu, mwizi anakimbia," akasema, amefurahi kama aliyeitengeneza yeye.

"Na mwenye nyumba akitaka kumjibu?"

Alifikiri. "Hiyo hawajaiweka, mzee."

16 Machi

Leo mwanao kanipigia kuniuliza mbona nimekula viazi bila mboga. Halafu mbona nimekaa kwenye kiti kile kile tangu saa nane. Halafu nilikuwa naongea na nani.

Nilikuwa naongea na wewe, ila sikumwambia. Nilipokata simu nilisimama juu ya kiti, nikaivalisha kamera ya sebuleni kofia yangu.

17 Machi

"Baba, kamera ya tano inaonyesha giza."

"Imevaa kofia."

"Baba, huo ni utoto."

"Utoto nilioufanya mimi haukumvua mtu nguo kama kamera yako," nikamwambia. Sijawahi kumjibu hivyo. Nikakata simu.

19 Machi

Shamimu, mjukuu wa Bi Ziada, alikuja kuchota na mtoto mgongoni. Akaitazama kamera.

"Babu, hilo jicho linatuangalia sisi?"

"Linaangalia wezi."

"Sasa sisi linatujuaje kama siyo wezi?"

Akacheka, akaenda zake. Mimi sikucheka.

22 Machi, Jumamosi

Nataka kuliandika hili lote kama lilivyokuwa, nisije nikalipunguza baadaye kwa sababu ni mtoto wetu.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilikuwa baraza la mbele napiga msasa mguu wa stuli. Bi Ziada alipita nyuma kuchota maji ya uji wa futari. Shamimu alikuwa na homa, ndiyo maana bibi alikuja mwenyewe na ndoo ndogo ya bluu. Unamjua anavyotembea, mkono mmoja nyuma kiunoni. Ana miaka themanini na kitu na hakuacha kufunga.

Nikasikia sauti ya mwanaume uani, kali, kama ya mpiga debe.

"Wewe! Wewe mwenye ndoo! Nani kakuruhusu kuingia humo?"

Nikaweka msasa chini. Nilidhani kuna mtu kaingia.

Nilipofika kona nilimkuta Bi Ziada amesimama, ndoo imejaa, anageuka huku na huku kumtafuta anayeongea. Hakuwa na hofu. Alikuwa anatafuta uso, basi. Akasema kwa upole, "Mwanangu, hujaniamkia."

Ile sauti haikumsikia. "Nimesema toka! Hapo siyo bomba la serikali. Kila siku mnaingia mnatoka, mnaingia mnatoka. Nitawaitia polisi!"

Nilipiga kelele, "Nikolaus!" Nikaupigia kelele ukuta, Magreti, nikiwa nimeshika mguu wa stuli. Hawezi kunisikia, Mudathir alishasema.

Bi Ziada aliniangalia. Akaitazama ndoo. Akafunua mfuniko wa kisima, akainama taratibu, akayarudisha maji yote. Hakuyamwaga chini, aliyarudisha. Nilisikia yanavyopiga kule ndani. Akafunika, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Maji yenu hayo, Baba Nikolaus. Nisamehe, sikujua kama mambo yamebadilika."

"Mama, shikamoo, naomba usiende."

"Marahaba," akasema. Akaenda, na ndoo tupu.

Nilimpigia mwanao.

"Baba, sikujua ni nani."

"Ulijua ni mzee. Uliona mgongo wake. Ulimwona vizuri kuliko mimi niliyekuwa hapa."

"Mimi nalinda nyumba yako!"

"Umemfukuza kwenye nyumba yangu mtu aliyekaa na mama yako akiwa na malaria siku ile sisi wote tulikuwa Kilosa. Amefunga, Nikolaus. Anatafuta maji ya futari, na wewe umekaa kwenye kiyoyozi unamwita wewe. Wewe! Nani alikufundisha kumwita mtu mzima wewe?"

"Basi nitaomba msamaha."

"Utaomba vipi?"



Nimeona aibu nyingi maishani, ila ya leo nimeionea ndani ya kiwanja ulichokinunua wewe, juu ya neno ulilolitoa wewe. Sijala jioni hii, wala sikufanya hivyo kwa ajili ya Kwaresima.

23 Machi

Hakuna aliyekuja kuchota.

24 Machi

Hakuna. Mvua.

25 Machi

Nimeona wanawake wanapita na ndoo kwenda bondeni, kwenye maji ya mvua yaliyotuama. Maji mekundu yale. Shamimu aliniamkia kwa mbali, hakusimama.

27 Machi

Hakuna. Vijana wa bodaboda pale kona wananiita: "Mzee Boni, leo tutaonekana saa ngapi kwenye taarifa ya habari?" Nikawapungia mkono. Wana haki.

29 Machi

Kamba ya kisima imekauka. Miaka yote niliyokuwa nakuja huku sijawahi kuiona kavu.

31 Machi, Idd

Miaka yote, hata kabla sijahamia, Bi Ziada alikuwa anakuwekea sahani ya pilau, anatafuta mtu wa basi aifikishe Kilosa. Leo nipo nyuma ya ukuta wake na sahani haikuja. Harufu ilikuja.

Saa saba nikavaa shati la misa nikaenda mwenyewe. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti chenye mto, akanipa pilau mbele ya wageni wake. Hakuna aliyenikunjia uso. Nilikula huku najisikia mwizi.

Nikamwambia, "Mama, rudini kisimani. Neno la Magreti lipo pale pale."

Alikuwa anamsuka mjukuu nywele. Hakuacha. "Baba Nikolaus, Magreti alinikaribisha nikiwa namwona. Aliyenitoa sijamwona. Sasa nikirudi nitakuwa nimerudi kwa nani? Kwa ukuta?"

"Ni mwanangu."

"Basi ana miguu."

Wanawake wengine wakaguna. Nikamaliza pilau yangu.

2 Aprili

Nimemwambia Nikolaus aje. Amesema kazi nyingi. "Mpe simu, nitaongea naye."

"Simu tena?"

7 Aprili

Mvua. Amesema atajitahidi Pasaka. Nimemwambia asipokuja Pasaka nitapanda ngazi mwenyewe na nyundo ya kuchomolea misumari.

12 Aprili, Jumamosi

Mwanao ana akili ya chuo na amefanya jambo ambalo hata mtoto wa chekechea hawezi kulifanya. Kaamua kuomba msamaha kwa kupitia ukuta.

Selestina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alipita uani akiniletea makuti ya Jumapili ya Matawi, kesho. Kafika karibu na kisima, ukuta ukasema kwa sauti kubwa na ya upole: "Shikamoo bibi! Naomba unisamehe sana, nilikosa!"

Selestina ana miaka arobaini na mbili. Aliyatupa makuti, akapiga ishara ya msalaba, akanikuta mlangoni. "Baba Niko, kuna mtu kisimani! Anatubu!"

Nilimweleza. Alipoacha kuhema alikasirika kuliko mimi. "Na hiyo shikamoo ya nini? Mimi bibi?"

Sasa mtaa mzima unacheka. Wanacheka, lakini kuchota hawaji.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Amekuja. Treni mpaka Morogoro, halafu basi. Amekonda, Magreti. Ana viatu vyeupe.

Baada ya Njia ya Msalaba tulikaa barazani tukagombana mpaka mvua ikatusogeza ndani. Alisema sijui dunia ya leo. Alisema anafungua simu yake mara thelathini kwa siku kunitafuta, na nikivalisha kamera kofia anakuwa hawezi kufanya kazi. Nikasema sikuomba kutafutwa mara thelathini. Nikasema nyumba hii ameigeuza mahabusu na mfungwa ni mimi. Nilikuwa bado nina hasira ya mwezi mzima na nilimtolea yote.

Halafu akasema, "Asubuhi ile nilimpigia mama mara tatu."

Nikamgeukia.

"Mara tatu, Baba. Hakupokea. Nikasema yuko sokoni, nikaingia kwenye kikao. Wewe ulikuwa Masanze unafunga milango mipya ya kanisa. Na yeye alikuwa ameanguka pale uani Kilosa, hakuna aliyemwona. Kama kungekuwa na kamera ningemwona. Ningempigia mtu. Asingekufa peke yake."

Miezi yote hii, mimi nilidhani anailinda runinga.

Nami nikaona kosa langu. Sikuwahi kumsimulia. Siku ya mazishi nilishindwa, na baada ya hapo kila siku ilionekana siyo yenyewe. Nikamwambia kwamba hukufa peke yako. Kwamba Anastazia wa jirani aliingia uani kwetu asubuhi ile kurudisha ungo, bila hodi kama kawaida yake, akakukuta umelala kando ya jiko. Akakupakata. Ukamwambia uji uko motoni, utaungua. Akakwambia ameshauepua. Alikushika hivyo mpaka mwisho, na alikuwa anaimba wimbo wenu wa kwaya kwa sauti ya tatu kwa sababu ya kwanza ilikuwa yako.

Nikolaus alilia kwa kelele, kama alivyokuwa mdogo.

Nilimwacha amalize. Halafu nikamwambia, maana nilikuwa bado nina hasira na sikutaka machozi yaifiche: "Anastazia yule angekuta ukuta unamfokea, ungo angeurudisha kesho yake. Hawa unaowafukuza ndio watakaoniona mimi."

19 Aprili

Asubuhi alivaa vile viatu vyeupe tukaenda kwa Bi Ziada. Matope mpaka kwenye vifundo.

Akapiga goti mlangoni. "Shikamoo bibi. Mimi ndiye Nikolaus."

Bi Ziada hakuitika. Alimtazama usoni muda mrefu, akamshika kidevu, akamgeuza upande huu na upande ule.

"Pua ya Magreti," akasema. Ndipo akaitika, "Marahaba. Kumbe una sura nzuri. Mbona uliificha?"

"Nilikosa, bibi."

"Ulikosa. Shamimu, mletee ndoo."

Shamimu akaleta mbili, kubwa. Nikolaus akaenda kisimani kwetu akachota, akaleta, akarudi, mpaka pipa la Bi Ziada likajaa. Safari tisa, nilihesabu. Hajui kubeba, maji yanamwagikia viatuni. Wanawake walitoka kwenye nyumba zao kuangalia. Kila akifika chini ya kamera Shamimu anapaza sauti: "Anko, tabasamu! Uko kwenye kamera!" Na mwingine: "Wewe mwenye ndoo, nani kakuruhusu?" Safari ya sita akaanza kucheka mwenyewe. Nimemsikia akicheka, Magreti.

Bi Ziada hakusema kama atarudi kisimani. Sikumuuliza.

20 Aprili, Pasaka

Tulikula kuku. Kwaya ya huku haiimbi kama ile yako, usiwaambie.

23 Aprili

Nikolaus amebadilisha likizo, amebaki siku mbili zaidi. Mudathir amekuja. Safari hii ramani tumechora watatu, penseli nimeshika mimi. Tumebakisha tatu: geti, kona ya barabarani, tanki na sola. Ya sebuleni na ya jikoni zimetoka, na baraza, na kona ya nyuma wanakopita watu. Nikolaus alibishania baraza. Nikamwambia barazani nitakaa mwenyewe.

Ya kisimani aliifungua yeye, Mudathir kashika ngazi. Mudathir akaniambia pembeni, "Mzee, habari za siku ile nilizisikia nikiwa Morogoro. Nina bibi na mimi." Akaomba kuziba tundu la fremu. Nikampa kipande cha mninga na patasi. Amekiweka vibaya. Nitakitoa akishaondoka nikiweke upya.

Nikolaus amechukua namba ya Shamimu. Shamimu amemwambia: "Babu asipofungua dirisha saa moja, nitaingia. Na sitabisha hodi."

4 Mei, Jumapili

Magreti,

Mvua imepungua, mahindi ya watu yamebeba. Wanawake walianza kurudi wiki iliyopita, mmoja mmoja, wale vijana kwanza. Nilikuwa namngoja mmoja.

Leo asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu kwenye dirisha la nyuma. Nikasikia mfuniko. Bi Ziada, mkono kiunoni, anavuta kamba. Sikutoka kwa haraka, niliogopa kumharakisha. Nilipotoka na povu usoni nikamwamkia, akaitika, akaniambia kamba imezeeka, ataniletea nyingine. Akajaza ndoo, akapumzika kwenye ukingo, akaanza kunisimulia siku uliyopanda juu ya kifusi. Anakumbuka mpaka rangi ya gauni. Mimi nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa ya zambarau.

Nina hasira bado, kidogo. Kwamba ilibidi mama wa umri ule arudishe maji ili sisi tusikie. Sidhani kama itaisha, na sitaki iishe yote.

Leo tulikuombea misa ya mwaka. Nikolaus alisikiliza kwenye simu, nilimruhusu. Jina lako padri alilitamka vizuri. Nawe huko uliko, mnapotaja majina ya watu wenu, nitaje na mimi. Bonifas, wa Mikumi sasa.